Fuata Ndoa, Usifuate Jina

Mama mkwe wangu alizaliwa katika ukoo wa Loranger. Watu wake wapo Manchester, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, tangu wahenga wao waliposhuka kwenye treni kutoka Quebec, Kanada, kuja kutafuta kazi katika viwanda vya nguo vya Amoskeag. Hawakuja peke yao. Kati ya mwaka 1840 na 1930 Wakanada wenye asili ya Kifaransa wapatao 900,000 walihamia Marekani, wengi wao wakaishia katika miji ya viwanda kama Lowell, Woonsocket, Lewiston na Manchester yenyewe. Mashamba ya kwao yalikuwa yamegawanywa mpaka hayagawanyiki tena, na viwandani kulikuwa na ujira ambao hata mabinti wa shule waliweza kuupata.

Mama alirithi kutoka kwa bibi yake kitabu cha sala, na ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi chenye majina ya marehemu wa kuombewa Misa. Majina ya upande wa babu yake yote yaliishia na Rivard. Hakuna Loranger hata mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza hao akina Rivard ni nani.

"Mwanangu," aliniambia, "maisha yangu yote nimewaombea hawa wafu bila kuwajua. Nataka kujua kama ni wetu."

Mimi ni Msukuma wa Mwanza. Nimelelewa na watu ambao mgeni akifika huulizwa kwanza ametoka kwa nani, ndipo mengine yafuate. Ombi la Mama halikuhitaji kurudiwa. Mwanzoni mwa Oktoba, majani ya miti ya maple yakiwa yamewiva wekundu, mume wangu akabaki na watoto, nasi wawili tukashika barabara ya kaskazini.

Kabla ya kuondoka tulipita makaburini, upande wa magharibi wa mto Merrimack, walikozikwa wengi wa wahamiaji wale. Ukisoma mawe ya kaburi pale unaona majina yakibadilika mbele ya macho yako. Boisvert wa zamani ana wajukuu wanaoitwa Greenwood. Roy amekuwa King, Leblanc amekuwa White, Benoît amekuwa Bennett. Makarani na walimu waliandika walichosikia au walichokielewa, na familia nyingine zilibadilisha zenyewe ili watoto wasisumbuliwe. Mama alidhani jibu la swali lake lilikuwa hapo, kwamba labda karani fulani ndiye aliyemgeuza Rivard kuwa Loranger. Lakini majina yote mawili ni ya Kifaransa. Mabadiliko yale yalikuwa yametokea ng'ambo ya mpaka, zamani kabla ya treni.

Njia inapanda kwenye milima ya White Mountains, inashuka, inavuka mpaka, na hatimaye nchi inakuwa tambarare. Mahindi makavu yanasubiri mashine, na kila baada ya mwendo mfupi unaona mnara wa kanisa uliofunikwa kwa bati linalong'aa kama fedha. Tulipoufikia mto Saint Lawrence nikaona kitu ambacho ramani ilikuwa imenionyesha bila mimi kukielewa. Mashamba ni mistari myembamba sana, kila mstari unaanzia ukingoni mwa mto na kwenda nyuma hadi msituni. Wakati wa utawala wa Ufaransa mto ndio uliokuwa barabara, kiangazi kwa mitumbwi na kipupwe kwa vigari vya kuteleza juu ya barafu, kwa hiyo kila familia ilitaka kipande cha ukingo. Nyumba zikasimama kwa safu, jirani akimwona jirani. Baba alipofariki, wana waligawana shamba kwa urefu, likazidi kuwa jembamba. Katika safu kama hiyo unaweza kukuta kaka, binamu na wajomba wakipakana, wote wakiwa na jina moja la ukoo, na wengi wao pia na jina moja la ubatizo, kwa sababu ilikuwa desturi kuwabatiza wavulana wengi Joseph na wasichana wengi Marie, ndipo yafuate majina mengine. Ukisema unamtafuta Joseph wa ukoo fulani, ulikuwa bado hujasema lolote.

Katika jiji la Quebec tulianzia kwenye sanamu ya Louis Hébert, mfamasia wa Paris aliyefika mwaka 1617 na mkewe Marie Rollet na watoto wao, miaka tisa tu baada ya Samuel de Champlain kuanzisha makazi hayo. Hao ndio familia ya kwanza ya Kifaransa kuweka makao ya kudumu pale na kuishi kwa kulima. Marie Rollet naye amesimama kwenye mnara huo, watoto wakiwa wamemzunguka, kwa jina lake mwenyewe. Mama alisimama mbele yake muda mrefu. "Hawamwiti Bibi Hébert," alisema. Nilimwambia alishike hilo, na baadaye ndilo lililotufungulia njia.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Quebec, katika jengo la Casault lililopo Chuo Kikuu cha Laval. Humo watu wa kila umri, wengi wao wastaafu, hukaa kimya mbele ya skrini na mikrofilamu wakiwatafuta wazee wao. Mtumishi mmoja, mwanamke wa makamo, alimsikiliza Mama mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamwambia, "Madame, usifuate jina. Fuata ndoa."

Akatufungulia ukurasa wa kitabu cha ndoa cha karne ya 18 na kutusomea kwa kidole. Wino umefifia ukawa wa kahawia, herufi zimeinama na kubanana, lakini mpangilio ni uleule ukurasa baada ya ukurasa. Padri anataja tarehe. Anasema matangazo ya ndoa yamesomwa Jumapili tatu na hakuna kizuizi kilichoonekana. Anamtaja bwana harusi, mtoto wa fulani na wa fulani, baba yake na mama yake, wa parokia hii kwa upande mmoja. Kisha bibi harusi, naye na baba yake na mama yake, kwa upande wa pili. Wanafuata mashahidi, na mwishoni padri anaandika nani ametia sahihi na nani amesema hajui kuandika. Kila mama anayetajwa mle anatajwa kwa jina alilozaliwa nalo. Mke wa mtu aitwaye Tremblay hakuandikwa Tremblay. Ameandikwa kwa jina la baba yake mzazi.

Hapo ndipo ilipo siri ya nasaba za Quebec. Ndoa moja inakupa watu sita kwa mpigo: maharusi wawili na wazazi wao wanne. Ukipata jina la baba na jina la mama la kuzaliwa, unaitafuta ndoa yao, nayo inakupa wazazi wanne wengine. Majina ya baba na mama yakisimama pamoja hayawezi kuchanganywa kirahisi na ya watu wengine, hata kama jirani naye anaitwa Joseph. Wapo walioifanya kazi hii kwa taifa zima. Padri Cyprien Tanguay alichapisha kamusi ya nasaba ya familia za Kanada yenye majuzuu saba kati ya mwaka 1871 na 1890, na tangu 1966 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal wamekuwa wakiunganisha vitabu vya parokia, mtu kwa mtu, ndoa kwa ndoa.

Nilimwuliza yule mtumishi kwa nini mapadri walijali sana jambo hili. Alinieleza kwamba Kanisa lilikataza ndoa za ndugu mpaka daraja la nne bila ruhusa maalumu, hivyo padri alilazimika kujua nani ni damu ya nani, kwa mama na kwa baba. Serikali ya Ufaransa nayo iliagiza vitabu viandikwe nakala mbili, na huku agizo hilo lilishika kuanzia 1679: nakala moja ilibaki parokiani, nyingine ilikwenda mahakamani. Umuhimu wake ulikuwa umeshaonekana. Mwaka 1640 kanisa la Quebec liliteketea kwa moto pamoja na vitabu vyake, na ubatizo, ndoa na vifo vya miaka ya mwanzo ikabidi viandikwe upya kwa kuwauliza watu wanavyokumbuka. Waliweza kwa sababu walikuwa wachache na walijuana.

Tulianza kupanda, kizazi kwa kizazi. Kutoka kwa babu wa Mama, ndoa baada ya ndoa, Loranger na mkewe, Loranger na mkewe. Kisha, katika ukurasa wa karne ya 18, mtoto aliyeandikwa Loranger alikuwa na baba aliyeandikwa Rivard dit Loranger, yaani Rivard aitwaye Loranger. Mama aliweka mkono mdomoni. Jina la karatasi yake na jina la damu yake yalikuwa yamekaa kwenye mstari mmoja, kwa mwandiko wa padri mmoja.

Jina hili la pili, la "aitwaye", limeenea katika koo nyingi za Quebec, na lilizaliwa kwa njia kadhaa. Wengi walilitoa jeshini. Mwaka 1665 mfalme Louis wa 14 alituma kikosi cha Carignan-Salières, askari wapatao 1,200, na wapatao 400 kati yao hawakurudi kwao. Walioa na kupewa ardhi. Askari wa Ufaransa walikuwa na majina ya kambini: Lafleur ni ua, Jolicoeur ni moyo mchangamfu, Sansregret ni asiyejuta, Tranchemontagne ni mkata mlima. Wengine walipata jina kutokana na mahali walikotoka, kipande cha ardhi walichomiliki, kazi yao au tabia yao. Na katika zile safu za mashamba, ambako Rivard watano walipakana, jina la pili lilikuwa njia ya kumjua nani ni nani. Watoto walilirithi. Mmoja alitumia la kwanza, mwingine la pili, wa tatu yote mawili. Ndugu wa tumbo moja waliweza kufa na majina tofauti. Hadi kufikia mwisho wa karne ya 19 familia nyingi zilikuwa zimebaki na jina moja tu, na si lazima liwe lile la mwanzo.

Ndiyo maana jina peke yake hudanganya pande zote mbili. Walikuwapo akina Lafleur wengi wasio na udugu wowote, kwa sababu askari kadhaa waliitwa hivyo. Na wapo watu wenye majina yasiyofanana hata herufi moja ambao ni ndugu wa damu.

Tulivuka mto kwa feri hadi Lévis, kuitembelea nyumba ya Alphonse Desjardins. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kumjua mtu huyu, kwa sababu SACCOS zetu ni za ukoo mmoja na kazi aliyoifanya. Mwaka 1900 alianzisha pale Lévis chama cha akiba na mikopo, watu wa kawaida wakiweka senti zao pamoja na kukopeshana, na mwaka 1908 aliwasaidia Wafaransa wa Manchester kufungua chama kama hicho, cha kwanza katika Marekani nzima. Mama ana akaunti humo tangu alipokuwa msichana. Lakini tazama alivyozaliwa: baba yake ni François Roy dit Desjardins, na mama yake ni Clarisse Miville dit Deschênes. Mkewe Dorimène, aliyekiendesha chama mumewe alipokuwa Ottawa kikazi, naye alizaliwa Roy dit Desjardins. Kama Alphonse angeandikwa kwa Roy, jina la kwanza la ukoo wa baba yake, huenda leo jengo kubwa la fedha la Quebec lingekuwa na neno Roy ukutani.

Tukafuata ukingo wa kaskazini hadi L'Ange-Gardien, alikokaa Pierre Tremblay. Alitoka Randonnai katika mkoa wa Perche nchini Ufaransa, akafika mwaka 1647, na mwaka 1657 akamwoa Ozanne Achon. Leo Tremblay ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Quebec, na wote wanarudi kwa watu hao wawili. Nasema wawili kwa makusudi. Hakuna Tremblay asiye mtoto wa Ozanne Achon, ila jina lake halikubebwa na mtu. Ndivyo ilivyo pia kwa wale wanawake wapatao 770 walioletwa kwa gharama ya mfalme kati ya 1663 na 1673, ambao Wafaransa huwaita mabinti wa mfalme. Wengi walikuwa yatima, baadhi wakitoka katika hospitali ya maskini ya Paris. Walishuka melini katika nchi iliyojaa wanaume, wakaolewa upesi, wakazaa. Wafaransa wa Kanada karibu wote wana damu yao. Kama mapadri wangewaandika kwa majina ya waume zao tu, wanawake hao wangetoweka, na nusu ya historia ya Quebec pamoja nao.

Quebec wameirudishia desturi hiyo nguvu ya sheria. Tangu Aprili 1981 mwanamke anayeolewa pale hubaki na jina lake la kuzaliwa katika shughuli zake zote za kiserikali, na mtoto anaweza kupewa jina la baba, la mama au yote mawili. Mama, ambaye kila hati yake tangu harusi ina jina la mumewe, alilisikia jambo hilo kwa kiwewe kidogo. Kisha akachukua kalamu, na kwenye daftari letu la safari akaandika jina lake kwa mara ya kwanza kama padri wa zamani angeliandika: Loranger, binti wa fulani na fulani.

Batiscan tuliiacha iwe ya mwisho. Ipo kando ya ile barabara kongwe iitwayo Chemin du Roy, iliyofunguliwa mwaka 1737 kati ya Quebec na Montreal, pale mto Batiscan unapoingia Saint Lawrence. Huko ndiko ndoa zote za upande wa babu yake Mama zilikotuelekeza. Katika karne ya 17, ardhi ikiwa chini ya Wajesuiti, walikaa hapo ndugu wawili kutoka Tourouvre, Perche: Nicolas Rivard dit Lavigne na Robert Rivard dit Loranger. Robert alimwoa Madeleine Guillet katika miaka ya 1660, binti wa Pierre Guillet aliyeitwa Lajeunesse. Kaka wa damu moja, kijiji kimoja, majina mawili tofauti tangu siku ya kwanza. Watoto na wajukuu wao, wengi wakiwa wafanyabiashara wa ngozi waliosafiri kwa mitumbwi hadi kwenye Maziwa Makuu ya Amerika, waligawanyika tena: Lanouette, Lacoursière, Bellefeuille, Dufresne.

Mama aliyasikia majina hayo akaketi. Manchester anakotoka kuna Lanouette aliyesoma naye na Dufresne aliyemsimamia harusi yake. Si kila Dufresne ni Rivard. Hilo ni lazima lithibitishwe kwa ndoa zake mwenyewe, na Mama aliahidi kulithibitisha. Lakini wazo kwamba huenda amekuwa akikaa benchi moja la kanisa na ndugu zake bila kujua lilimtoa machozi, nami sikumzuia.

Makaburini Batiscan mawe mengi ya kale yamemwandika mwanamke kwa jina la baba yake, kisha chini yake: mke wa fulani. Mama alipita mstari hadi mstari akisoma majina ya wanawake kwa sauti. Alipomaliza akatoa ile karatasi ya kitabu cha sala na kuwasomea Rivard wote waliomo, akijua sasa kwamba ni wake.

Hata kwetu Usukuma tuliwahi kuishi na Mquebec. Padri David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika alifika kwetu, akajenga Bujora na makumbusho yake ya utamaduni wa Wasukuma katika miaka ya 1950, na watu wakamwita Fumbuka. Huko kwao angeandikwa Clement dit Fumbuka, na padri asingeona ajabu yoyote. Watangulizi wake katika shirika hilo ndio walioanzisha misheni kongwe kama Bukumbi, kusini mwa Mwanza, alikobatizwa bibi yangu mzaa baba. Vitabu vyao viliandikwa kwa kanuni zilezile za Kanisa: mtoto, baba, mama, msimamizi.

Kitambulisho changu kina jina langu, la baba na la babu. Nawajua wazee wangu kwa mstari huo mmoja wa wanaume, na hata bibi niliyelala naye kitanda kimoja simjui alikuwa binti wa nani. Nikirudi nyumbani Desemba nitakwenda Bukumbi kuomba kutazama kitabu cha ndoa cha miaka yake, na nimeshamwambia shangazi yangu, ambaye ndiye mzee pekee aliyebaki, akae nami chini anitajie kila mke wa ukoo wetu anayemkumbuka, baba yake na mama yake, nami niandike. Nawe unayesoma, kama una bibi au shangazi aliye hai, muulize wiki hii. Usimuulize jina la ukoo, hilo unalo. Muulize nani alimwoa nani, na huyo mwanamke alizaliwa na akina nani. Andika nakala mbili, na ya pili mpe ndugu anayeishi mbali nawe.